Vikombe Hamsini: Daftari la Maji Baada ya Operesheni ya Tumbo

Siku ya 2. Dar es Salaam, wodini

Nimeomba daftari, binti yangu kaniletea lile lile la kazini, la kuandikia magunia ya dagaa: kuingia kushoto, kutoka kulia. Nikamwambia hakuna neno, maji nayo ni mzigo. Kushoto nitaandika nilichokunywa kwa mililita, kulia nitaandika haja ndogo, mara ngapi na rangi gani. Nesi ameliona akacheka, kisha akaomba aoneshe wenzake.

Operesheni ya kupunguza uzito ilikuwa jana asubuhi. Kwa asiyejua: wanapitia matundu madogo ya tumboni, wanakata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, zaidi ya robo tatu, na kinachobaki wanakibana kwa pini ndogo ndogo kikawa mrija, umbo la ndizi. Utumbo kwangu haukuguswa. Niliingia na kilo 127.4.

Mradi wenyewe ni huu. Daktari anataka lita moja na nusu kwa siku, ikiwezekana zifike mbili, na anasema wengi wanaorudishwa hospitali mwezi wa kwanza hurudishwa kwa sababu ya kukaukiwa maji, si kwa sababu ya mshono. Kipimo ni kikombe cha plastiki cha kupimia dawa, mililita 30, kimoja kila baada ya dakika kumi na tano. Mimi ni mtu wa hesabu, nikapiga palepale: 1,500 gawa kwa 30 ni vikombe hamsini. Hamsini mara dakika kumi na tano ni saa kumi na mbili na nusu. Yaani nikianza saa kumi na mbili alfajiri, namaliza saa kumi na mbili na nusu jioni, bila kupumzika, bila kusinzia, bila kupokea simu ndefu.

Nimempigia mama Sengerema nikamwambia natakiwa kunywa vikombe hamsini kwa siku. Kimya. Halafu: "Mwanangu, si walisema wamekupunguza tumbo?" Ilibidi nimweleze ukubwa wa kikombe.

Leo: 420. Zilizobaki zimepita kwenye dripu.

Siku ya 3

Dripu imetolewa, sasa najitegemea. 690.

Nimefanya kosa moja la makusudi. Kinywa kilikuwa kikavu, nikasema hivi vikombe ni vya watoto, nikapiga funda moja la kawaida, kama mtu aliyetoka juani. Lilishuka hadi katikati ya kifua likakaa. Si maumivu ya kisu, ni uzito, kama kokoto imekwama kwenye bomba na bomba linajaribu kuisukuma. Nikasimama, nikashika kitanda, mate yakajaa mdomoni, meupe yenye povu. Dakika nne nzima. Baadaye likapita lenyewe. Funda lingine la namna ile sitapiga.

Siku ya 6. Tabata, kwa mdogo wangu

Nimegundua kitu ambacho hakuna aliyeniambia, au waliniambia nikiwa na usingizi wa dawa: maji ya kawaida yamebadilika ladha. Yana uchuma fulani, na yakiwa baridi sana yanakaza tumbo. Ya uvuguvugu yanapita. Mdogo wangu amechemsha mchaichai, akachuja, akaweka kwenye chupa ya chai. Umepita vizuri kuliko chochote. Supu ya kuku iliyochujwa ikabaki maji matupu nayo imo kwenye hesabu. Kila kimiminika kinahesabiwa, isipokuwa soda (gesi yake hairuhusiwi) na kahawa, ambayo kwangu wameizuia kwa sasa.

Jambo linalonishangaza ni kiu. Haipo. Mdomo unakauka, midomo inapasuka, lakini ile hamu ya kutafuta maji haiji. Njaa nayo haiji, ila hiyo nilionywa. Kwa hiyo nikisubiri kusikia kiu nitasubiri sana. Nimeweka kengele ya simu kila dakika kumi na tano. Watoto wa mdogo wangu tayari wanaichukia.

1,110.

Siku ya 9. Mwanza

Nimerudi nyumbani kwa ndege. Nilikunywa vikombe vitatu angani, abiria wa pembeni akafikiri nakunywa dawa. Kabla ya kutua ziwa linaonekana lote upande wa dirisha langu, maji hadi macho yanapoishia, mawe ya Mwanza yamesimama pembeni kama yamepangwa na mtu. Nikatoa kikombe changu cha mililita 30 nikacheka peke yangu. Nimezaliwa na kuzeeka kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na nimerudi kulikuta nikinywa kwa kipimo cha dawa ya kikohozi.

(Maji ya bomba nachemsha kama kawaida. Tumbo hili jipya halina nafasi ya kuharisha.)

1,240. Mara nne. Rangi: chai ya rangi iliyozidiwa maji.

Siku ya 12

Uzito asubuhi: 119.8.

Siku ya 13

Kichwa kinauma tangu jana. Nimetapika mara mbili, asubuhi mtindi mwepesi na jioni supu. Nadhani ni presha. Zamani kichwa kikiuma hivi kilikuwa presha. Nimetafuta kasha langu la dawa la zamani, nimemeza kidonge changu kimoja, kile cha asubuhi.

Maji: kama 500. Sikuandika vizuri.

Siku ya 14, asubuhi

116.9! Karibu kilo tatu kwa siku mbili. Nimempigia binti yangu kumtangazia.

Siku ya 14, usiku. Hospitali

Naandika nikiwa na dripu mkononi, kwa hiyo mwandiko usiulaumu.

Baada ya kuandika ile 116.9 nilimeza kidonge cha pili, nikatoka kwenda kufungua geti. Nilipofika dunia ikawa nyeupe. Nikashika bati la geti, lilikuwa la moto, nakumbuka lile joto la bati kuliko kingine chochote. Kijana wa jirani akaniwahi na kiti. Tukachukua bajaji.

Nesi alipima presha nikiwa nimelala: 102 kwa 66. Akaniambia, "Mama, simama taratibu, nishike." Akapima tena: 80 kwa 54, na moyo unapiga 118 kwa dakika. Akauliza mara ya mwisho kukojoa ni lini. Sikukumbuka. Nikafungua daftari: jana saa nane mchana. Rangi nilikuwa nimeandika "ukwaju".

Daktari akauliza dawa. Nikataja. Kile kidonge changu cha asubuhi ni cha presha, lakini kazi yake ni kukojoza, kinatoa maji na chumvi mwilini. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa kule Dar imeandikwa wazi kisimamishwe. Karatasi ninayo, iko kwenye pochi, sikuisoma hadi mwisho. Kichwa kiliuma kwa kukosa maji, mimi nikadhani presha imepanda, nikameza dawa ya kutoa maji. Hapa hakuna wa kumlaumu ila mimi.

Kabla ya dripu yoyote walinichoma vitamini B1. Daktari amenieleza bila haraka: aliyekatwa tumbo akitapika siku kadhaa, vitamini hiyo huisha mwilini haraka, na ukimwekea dripu ya sukari kabla ya kumpa B1 unaweza kumdhuru ubongo. Akasema hata nikienda hospitali nyingine nikiwa natapika, nitaje operesheni yangu kwanza kabla ya jina. Nimeandika kwenye jalada la daftari kwa kalamu nyekundu.

Kisha nikamwonesha uzito, nikiwa bado na fahari kidogo. Akauliza nafanya biashara gani. Dagaa, nikamwambia, soko la Mwaloni. Akasema, "Basi wewe unajua. Dagaa akianikwa anapungua kilo, amekonda?"

Sikuwa na jibu. Miaka kumi na saba nalipa watu kwa kilo za mkavu, najua hadi harufu ya dagaa aliyetoka mchangani akiwa bado na maji ndani, anayejifanya mkavu ili azidishe mizani. Na mimi nimesimama kwenye mzani wangu mwenyewe nikashangilia maji.

Siku ya 15

Nimetoka. Uzito baada ya dripu: 119.5. Nimeuandika na sikuupigia mtu simu.

Mabadiliko kwenye mradi: uzito mara moja tu kwa wiki, Jumatatu. Dawa zote za zamani binti yangu amezitoa kwenye chumba changu, zile za kuendelea nazo ziko kwenye kopo moja. Na safu ya kulia imepewa uzito sawa na ya kushoto. Nikifika saa nane mchana sijakojoa angalau mara mbili, nasimamisha kila kitu na kunywa kwanza.

Siku ya 19

Nimeanza vidonge vya vitamini na sasa rangi hainisaidii. Mkojo umekuwa wa njano kali kama umetiwa manjano, hata nikinywa vizuri. Nilihangaika siku nzima. Mtaalamu wa lishe kanijibu kwa simu: ni vitamini B2 inayotoka, haina neno, angalia rangi kabla ya kumeza kidonge, au hesabu mara. Nahesabu mara.

Nikamwuliza pia kuhusu uji, maana tumebishana hapa nyumbani. Jibu: uji mwepesi unaopita kwenye chujio ni kimiminika. Ukiwa mzito wa kulika kwa kijiko ni chakula, na chakula kina sheria yake, hunywi nacho, unasubiri nusu saa baada ya kula ndipo urudi kwenye kikombe. Tumbo ni dogo, ukilijaza maji protini haiingii.

Hesabu ya saa imeharibika basi. Milo mitatu, kila mmoja nala kwa nusu saa, nusu saa ya kusubiri: saa tatu nzima zimetoka kwenye siku yangu ya kunywa. Bahati nzuri kikombe kimoja sasa kinapita kwa dakika sita au saba.

1,380.

Siku ya 24

Mama amekuja kuniuguza. Shikamoo, marahaba, ameweka mzigo chini, ameingia jikoni. Baada ya nusu saa ametoka na uji wa ulezi kwenye kata, kata ile ya kibuyu inayoingia karibu nusu lita, ametia dagaa wa kusaga kama nilivyomwambia. Harufu yake nzuri. Nikachukua vijiko vitano. Akasubiri cha sita. Hakikuja.

Mama yangu amelea watoto tisa kwa kupima mapenzi kwa kata. Kuniona naacha uji kwake ni kama kuniona nakataa jina. Hakusema kitu. Lakini baada ya swala yake ya jioni kaja kukaa pembeni yangu, kengele ilipolia akachukua kile kikombe cha plastiki, akakijaza hadi mstari, akakiinua kwenye taa kukagua kama muuza mafuta ya taa, akanipa. Kengele iliyofuata vilevile. Amenikalia hadi saa tatu usiku.

1,590. Nimevuka lita moja na nusu kwa mara ya kwanza.

Siku ya 25 hadi 31

Mama yupo. 1,560, 1,600, 1,540, 1,610, 1,580, 1,600, 1,620. Sina cha kuongeza.

Siku ya 36. Mwaloni

Nimerudi kazini, na nimerudi wiki mbaya. Giza limeingia. Asiyejua biashara yetu: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa hawafuati taa na mitumbwi inalala, mwezi ukipotea ndiyo mavuno. Leo gari mbili zimepakia za Congo, vijana wanapiga kelele, mizani haipoi. Kengele imelia kwenye mkoba siku nzima, sikuisikia hata mara moja.

Saa tisa alasiri: 330.

Kuna jambo jingine ambalo tunalionea aibu kuliandika. Wanawake wa sokoni hatunywi maji kwa sababu ya choo. Choo ni cha kulipia, kiko mbali, kina foleni, na ukiondoka mezani mzigo unabaki na nani? Tangu nilipoanza kazi hii nimejizoeza kutokunywa kuanzia alfajiri mpaka jioni. Mwili ule wa zamani ulivumilia, jioni nilikuwa natupia lita nzima kwa mkupuo pale nyumbani na deni limelipwa. Sasa mkupuo haupo. Kilichopotea saa nne asubuhi hakirudi saa mbili usiku. Nimejaribu leo: kuanzia saa kumi na moja jioni nimenywa kila dakika tano mpaka kichefuchefu, nikaishia 940.

Siku ya 38

Nimeajiri kengele yenye miguu. Kijana wangu anayeandika mizigo ana kazi moja ya nyongeza: kila gunia la tano linapopanda mizani anasema kwa sauti, "Mama, maji!" Siangalii saa, naangalia magunia. Na dada wa meza ya jirani tumekubaliana, akienda chooni nashika meza yake, nikienda anashika yangu. Imebainika naye alikuwa akijinyima vilevile, na mkojo unamchoma kila mwezi.

Nabeba chupa tatu za nusu lita. Ya kwanza iishe kabla ya saa nne, ya pili kabla ya saa nane, ya tatu kabla ya kufunga. Nimezichora mistari kwa kalamu ya kuandikia magunia.

1,470. Vijana wameshaanza kuitikia wote kwa pamoja, "Majiii!" Wateja wanadhani ni tangazo la mtu kapita na ndoo.

Siku ya 47. Sengerema

Msiba wa mjomba. Zamani safari hii ilikuwa kulala foleni ya kivuko, leo tumepita daraja la Kigongo–Busisi kwa dakika chache, ziwa chini yetu, sijawahi kufika Sengerema nikiwa na nguo safi hivi.

Msibani nilirudia ujinga wa zamani. Watu wengi, choo kimoja cha shimo, nikaacha kunywa. Kufika saa kumi nilikuwa na 350 na kile kichwa cha siku ya 13 kimeanza kubisha hodi. Safari hii nilikijua. Nikamfuata shangazi nyuma ya nyumba nikamweleza kwa sauti ya chini. Shangazi hana sauti ya chini. "Mwanangu anataka choo cha ndani na maji ya uvuguvugu!" Basi nikapewa vyote viwili, na wanawake wa jikoni wakaniuliza maswali mpaka saa moja.

Mjane aliniletea togwa kwa mikono miwili. Ina sukari kuliko ninavyoruhusiwa. Nilipiga mafunda matatu madogo, nikarudisha kwa mikono miwili. Nimeyaandika: 40.

Jumla 1,180.

Siku ya 63

Joto limezidi, na upepo wa ziwa umetulia. Nimepitia mchangani wanakoanika, nikatembea nusu saa tu, shati likalowa. Nimekunywa pakiti moja ya ORS (chumvi na sukari ya kurudishia maji mwilini) iliyochanganywa kwenye lita moja kamili, kidogo kidogo siku nzima. Niliuliza kwanza kuhusu sukari yake, nikaambiwa kwa siku ya jasho ni sawa ila isiwe kinywaji cha kila siku. Ladha ya machozi.

1,730. Mara sita.

Siku ya 77

Funda la kawaida, dogo la kawaida, limepita bila kukaa kifuani. Nililipiga kwa bahati mbaya nikiwa nabishana bei. Nikanyamaza katikati ya sentensi kusubiri kokoto. Haikuja. Mteja akadhani nimekubali bei yake.

Siku ya 91

Jumatatu, 108.6. Presha 118 kwa 76 bila kidonge. Daktari wa Dar amesema kwa simu nirudie vipimo vya damu mwezi huu na figo ziangaliwe pia.

Daftari limejaa, ukurasa wa mwisho nimeuandika pembeni. Binti kaniletea jipya, akauliza kama bado nahitaji safu ya kulia. Nikamwambia bado.

Leo: 1,640, mara sita, rangi ya alfajiri: maji ya limao. Kesho giza linaanza tena: magunia arobaini, gari linafika saa kumi usiku. Chupa tatu zimejazwa, ziko juu ya kiatu changu mlangoni ili nisitoke bila kuzigusa.